Gunzi la Baba

Daktari Jelimo alibandika picha kwenye kioo cha dirisha,
na mwanga wa Kibuye ukapita katika taya la mwanangu
kama tochi ndani ya ghala.
"Mama Akeyo, meno haya hayakuchelewa.
Hayapo."

Hayapo. Na miaka miwili tumengoja.
Ya utoto yalilegea, yale mawili ya chini, ya mbele,
tukayarusha juu ya paa kama ada.
Nilimkatia miwa. Nilimsugua ufizi kwa kidole.
Kumbe huko mfupani hapakuwa na mbegu.

Mama mkwe, kule Nyakach, alicheka hadi nikaona
lango lake mwenyewe: meno sita
yaliyong'olewa kwa chuma asubuhi moja,
msichana asiyeruhusiwa kulia.
"Tazameni! Mjukuu wangu kazaliwa keshang'olewa.
Damu imejifunza."

Nikayabeba maneno hayo kliniki.
Damu haijifunzi kwa chuma, daktari akasema.
Kwetu Nandi pia waling'oa, mababu na mababu,
na kila mtoto akaota yote
kana kwamba chuma hakijawahi kupita.
Linalong'olewa hurudi kwa mwana.
Lisiloota ndilo la kurithi.
"Tafuta upande wako."

Upande wangu
ni Adagala, fundi wa reli,
masharubu mazito, na katika kila picha mdomo kaufumba.
Kwa wenzake wa karakana: niling'olewa kama ninyi.
Kwa padri: niliteleza kwenye mawe ya Maragoli.
Kwa mama: ng'ombe alinipiga teke.
Hadithi tatu kwa meno mawili.
Nilizijua zote, na sikuwahi kuzijumlisha.
Labda kwao palikuwa na neno kama kigego,
neno ambalo mtoto hulisikia mara moja
na kulifungia mdomo miaka sabini.

Siku tulipomzika, wasemaji wanne walipokezana kipaza sauti.
Mzee ametuachia pengo.
Pengo lisilozibika.
Nilisinzia; ni maneno ya kila mazishi.
Sasa nimelishika mkononi, jeusi, kwenye karatasi ya eksirei,
na kweli ametuachia,
upana wa punje mbili,
na kabla yake sijui nani alimwachia yeye,
mwanamke gani huko vilimani
aliyecheka huku kajiziba kwa kiganja.

Usiku Akeyo akafungua kitabu cha sayansi
kwenye taya la nyani wa kale,
lililofukuliwa Rusinga, katika ziwa hili hili letu.
Akahesabu kwa ncha ya penseli.
"Anayo yote, Mama. Huyu hajakosa hata moja."
Ulimi wake ukapapasa ufizi
kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya wenyewe.
"Basi nani alianza kuyaacha? Na aliyaachia wapi?"

Sikuwa na jibu. Daktari aliniambia tu
kwamba moto na chungu vimetutafunia muda mrefu,
kwamba mataya yetu yamekuwa yakipungua, polepole,
kama sabuni ya msalani,
lakini kwa haya mawili ya mbele hakuapa.
Alisema: familia nyingine huacha hili, nyingine lile.
Akaandika kitu. Akaita mgonjwa mwingine.

Nikampa mwanangu hindi la kuchoma.
Akaling'ata kwa upande, kichwa kakiinamisha,
akalizungusha, akaling'ata tena,
akaliweka mezani.
Gunzi lina mistari ya punje zilizosimama,
mbili mbili, hazikuguswa.

Gunzi hilo ningelitambua katika rundo la magunzi mia.
Nilikuwa nikiyaokota chini ya kiti cha baba
ya kuwashia jiko,
na kabla sijayatia motoni nilibandua punje zile,
nikazila moja moja,
nikidhani ananiachia.